Kabla Hujauza Kofia ya Babu, Igeuze Uitazame kwa Ndani

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Garsen nusura aiuze kofia ya marehemu babake kwa shilingi mia tano. Mnunuzi alikuwa mmoja wa wale vijana wenye maneno matamu wanaopita nyumba hadi nyumba wakitafuta vitu vya zamani. Aliishika kofia kwa vidole viwili kama aliyeokota kitambaa cha jikoni. "Mama, hii ni kuukuu, tena imegeuka rangi. Mpya za mashine ziko Malindi kwa bei hiyo hiyo, nyeupe pepe. Mimi nakusaidia tu." Jirani alikuwa na karo ya kulipa, na moyoni alishakubali. Alichotaka ni kuniuliza tu kama mia tano si kidogo. Nikamwomba kwanza aigeuze ile kofia ndani nje.

Ndani ilikuwa safi karibu sawa na nje. Hapakuwa na uzi ulioruka kutoka ua moja hadi jingine, wala kitambaa cha kuficha fundo. Tulianza kuhesabu viua vya ukandani, vile vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, tukapita mia mbili tukachoka. Katika vyote hivyo hatukuona viwili vilivyolingana sawasawa. Kijana alipoona tunahesabu, bei ilipanda hadi elfu moja na nusu bila ya kuombwa. Kofia haikuuzwa.

Nayaandika haya kwa sababu jambo hili haliko kwa jirani yangu peke yake. Toka Kipini na Ozi hadi Garsen, na ukivuka kwenda Witu, kuna nyumba nyingi zenye kasha la bibi au sanduku la bati juu ya kabati. Ndani yake mna kofia ya viua, mtandio wenye pindo la kufumwa, foronya za harusi, vitambaa vya mezani. Waliovishona wengi wameshatangulia mbele ya haki. Sisi tuliobaki tunajua kuvikunja na kuvikunjua, lakini kuvisoma hatujui. Na asiyejua kuisoma kazi ya mkono hawezi kuitunza wala kuipa bei, sembuse kuifundisha.

Lesi, leso na kimia

Tuanze na majina, maana hapa watu huchanganya. Lesi ni neno tulilolitoa kwenye Kiingereza, nalo siku hizi hutajwa zaidi dukani: gauni la lesi, dera la lesi, lesi ya mita sita ya harusi. Leso, ile tunayojifunga, ni neno la Kireno la kitambaa cha mkononi na halihusiani na lesi hata kidogo. Lakini Kiswahili kilikuwa na neno lake kabla ya lesi kuingia, nalo ni kimia. Kimia ni kitambaa cha matundu matundu kilichofumwa kama wavu. Na kimia ni wavu wenyewe, ule wa duara ambao mvuvi huurusha ukafunguka hewani na kuangukia maji.

Wazee hawakukosa neno jingine hata wakatumia hilo moja kwa vitu viwili. Waliona kazi ni ile ile: uzi unaozungushwa tundu, fundo baada ya fundo. Na si hapa pwani tu. Ulaya kuna lesi iitwayo filet, neno la Kifaransa lenye maana ya wavu. Hufumwa kwa fundo lile lile la wavu wa samaki, kisha matundu yake hujazwa nyuzi kwa sindano mpaka yakatoa picha ya maua au ndege. Mvuvi wa Kipini akionyeshwa lesi hiyo kabla haijajazwa nyuzi atasema huu ni wavu, ila samaki wake ni wadogo mno.

Lesi za Ulaya za sindano na za vijiti zilishamiri katika karne ya 16, hasa Venice na katika nchi ya Flanders. Zilikuwa mali ya wafalme na makasisi wakubwa kwa sababu kipande cha upana wa kiganja kilikula siku nyingi za kazi. Kisha mwaka 1809 Mwingereza John Heathcoat akapata hataza ya mashine iliyofuma wavu wa lesi. Mwaka 1816 watu walivamia kiwanda chake mjini Loughborough usiku wakazivunja mashine zake. Yeye akahamia mji mwingine akaendelea, na toka hapo lesi ikawa kitu cha kuuzwa kwa mita.

Lesi hiyo ya mita ndiyo tunayoivaa sisi. Ile nzito yenye maua yaliyoshikana bila ya kitambaa nyuma hudariziwa na mashine juu ya kitambaa maalumu, kisha kitambaa hicho huyeyushwa kikabaki uzi mtupu. Lesi za kifahari ambazo Wanigeria wamezifanya vazi lao la sherehe tangu miaka ya 1960 zilitoka kwa wingi katika viwanda vya Vorarlberg, huko Austria. Mimi siidharau lesi ya mashine, na harusi ijayo mtaniona nayo. Ninachokataa ni kuitumia kama mizani ya kupimia kazi ya mkono, kama alivyofanya yule kijana.

Kofia ya viua ina nini ndani yake

Kwetu huku kazi ya mkono iliyo karibu zaidi na lesi ni kofia. Fundi zake wanajulikana Lamu, Pate na Siyu, wake kwa waume, na kwa njia ya ndoa na biashara kofia hizo zimeteremka hadi Witu, Kipini na kwetu Garsen. Wengine huiita kofia ya viua, na ile nyeupe iliyodariziwa sana huitwa bulibuli. Kumma ya Omani, kofia ambayo ndugu zetu wa Maskati hawatoki nje bila ya kuivaa, ni ya ukoo huo huo.

Kofia hukatwa vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kila kipande ni tabaka mbili za kitambaa cha pamba. Mchoro huchorwa kwanza, na mara nyingi mchoraji siye mshonaji. Mwenye jicho la kuchora huwachorea wengi, nao hulipa au hubadilishana kazi. Ndipo inapokuja kazi ya viua. Tundu la kiua halikatwi kwa mkasi, hutobolewa kwa sindano nene inayozisukuma nyuzi za kitambaa pembeni bila ya kuzikata. Kisha uzi huzungushwa ukingoni, mshono kando ya mshono, mpaka tundu likabaki wazi na gumu. Kwa kuwa nyuzi za kitambaa hazikukatwa, kiua hicho huweza kufuliwa miaka arobaini kisifumuke. Katikati ya safu za viua hupita mishono ya kuzikaza zile tabaka mbili, na hiyo ndiyo inayoifanya kofia isimame yenyewe kichwani.

Kazi hiyo hula wiki nyingi, na zile zilizojaa huchukua miezi mitatu au minne, maana fundi hashoni kutwa. Hushona baada ya kupika, baada ya shamba, mwanga ukiruhusu.

Sasa, utaijuaje? Igeuze. Mashine ya kudarizi hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, kwa hiyo ndani utaona uzi tofauti, mara nyingi mwembamba zaidi, na utaona uzi ukiruka toka ua hadi ua bila ya kukatwa. Mara nyingi pia hubandikwa kitambaa cha karatasi ili mchoro usikunjike. Fundi wa mkono huuficha mwanzo na mwisho wa uzi kati ya tabaka mbili, kwa hiyo nyuma hufanana na mbele. Tazama pia viua vyenyewe. Vya mashine vyote ni mapacha. Vya mkono ni ndugu tu: wanafanana, lakini mmoja ana pua kidogo. Ukipata ncha ya uzi iliyolegea, ikate kidogo sana uichome pembeni. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Nailoni na poliesta huyeyuka zikaacha kidonge kigumu. Jaribio hilo halithibitishi mkono wala mashine, lakini kofia inayodaiwa kuwa ya babu wa babu ikitoa kidonge cha plastiki, muuzaji ana maswali ya kujibu.

Vitambaa vya kufumwa kwa sindano ya kulabu, ile kazi wengi wetu tunaiita krosheti, vina siri moja ambayo wanunuzi hawaijui. Mpaka leo hakuna mashine ya kiwandani inayofuma krosheti ya kweli. Mashine huiga sura yake tu. Kwa hiyo ukiona sokoni blauzi ya krosheti halisi inauzwa kwa bei ya fulana, usidhani mashine imerahisisha. Kuna mtu mahali fulani aliketi akaifuma kwa vidole vyake, akalipwa karibu na bure.

Kimia na kitambaa cha duara: hesabu ni moja

Wengi hunieleza kuwa kazi hizi ni ngumu, zinahitaji kuzaliwa nazo. Mimi nawaambia waende Kipini wamtazame mzee anayefuma kimia kwa mkono, kama bado watampata, maana nyavu nyingi siku hizi hununuliwa zimeshafumwa kiwandani. Kimia huanzia juu, pale unapofungwa ugwe wa mkononi. Mfumaji hufuma kwa mzunguko, na kila baada ya mizunguko kadhaa huongeza macho. Bila ya kuongeza atapata mfuko mwembamba usiofunguka. Akiongeza kupita kiasi, wavu utajikunjakunja pindoni.

Kitambaa cha mezani cha duara ndivyo kilivyo, jicho kwa jicho. Kwa mshono mfupi wa krosheti, anza na mishono 6 ndani ya kitanzi kimoja. Mzunguko wa pili, shona miwili ndani ya kila mmoja, upate 12. Wa tatu upate 18, wa nne 24, wa tano 30. Yaani kila mzunguko unaongeza 6, ukizitawanya ili zisirundikane upande mmoja. Duara likianza kuinuka kama bakuli, umesahau kuongeza. Likianza kupiga mawimbi kama pindo la rinda, umezidisha. Kazi yenyewe inakwambia kosa lako, huhitaji mwalimu wa kukugombeza.

Na kofia je? Kofia ya kufumwa ni duara lililoacha kuongezwa. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani. Kikiwa sentimita 57, gawa kwa 3.14, utapata kama 18. Fuma duara mpaka upana wake ufike sentimita 18, kisha endelea kuzunguka bila ya kuongeza hata mshono mmoja, na ukanda utashuka wenyewe. Hesabu hiyo hiyo ndiyo anayoitumia fundi wa kofia ya viua anapokata duara la juu, hata kama yeye huipima kwa shubiri na mazoea.

Anayeanza asianze na uzi mwembamba mweupe, kama wengi wanavyofanya kwa hamu ya kuiga za bibi. Anza na uzi mnene wa pamba wenye rangi ya kuonekana na sindano ya kulabu ya milimita 3 au 4. Viua navyo ujifunzie kwenye kitambaa cha pamba kisicho kizito, kiua kimoja mara hamsini, mpaka mkono uzoee kuvuta uzi kwa nguvu ile ile. Usafi ni sehemu ya ufundi. Kwenye gauni la Kate Middleton aliloolewa nalo London tarehe 29 Aprili 2011, mafundi wa Royal School of Needlework walioshona maua ya lesi kwa mkono walinawa kila nusu saa na kubadilisha sindano kila saa tatu. Sisi tulioanza kushona tukiwa tumetoka kula embe tuna la kujifunza hapo.

Matope na kasha

Sasa nifike kwenye lile linaloniumiza. Mto Tana unatulisha na unatuzoa. Mafuriko ya 1997, ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya 2024 yamewahamisha watu wa huku wakiwa wamebeba watoto, magodoro na sufuria. Kasha la bibi halibebwi, na si ajabu, nani atabeba kofia wakati maji yako magotini? Lakini maji yakishuka, makosa tunayoyafanya ni yetu wenyewe. Mimi niliipata kofia ya babu yangu imelowa tope, nikaitia dawa ya kung'arisha nguo ili irudi nyeupe. Ilirudi nyeupe kweli. Nilipoisugua, viua vya upande mmoja vilifunguka vikawa tundu moja kubwa. Dawa ile hula pamba, na pamba ya zamani ilikuwa imeshachoka.

Kilichofaa kilikuwa rahisi. Kitu kilicholowa tope hakisuguliwi. Huloweshwa kwenye maji safi, maji yakamwagwa, yakabadilishwa, mara tano, mara kumi, mpaka yawe meupe. Sabuni iwe laini na kidogo, nayo isuuzwe ikatike. Kofia hukaushwa juu ya bakuli lililofudikizwa la ukubwa wa kichwa, kivulini penye upepo, siyo juani. Kitambaa hulazwa juu ya taulo, hakitundikwi, maana uzito wa maji huvuta macho ya kimia yakapoteza umbo. Na kama ni cha kuhifadhi, usikitie kanji. Kanji ni chakula cha mende, wataifuata mpaka kwenye kasha. Tia kanji siku ya kuvaa, ifue kabla ya kuirudisha.

Ya kuhifadhi usiyafunge kwenye mfuko wa plastiki, yatatoa jasho na kuota ukungu. Usiyafunge kwa gazeti pia, wino huhama na karatasi yenyewe huigeuza pamba rangi. Kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila ya kanji kinatosha. Na kiwe kifurushi kidogo cha kubebeka kwa mkono mmoja, kikae mahali pa juu. Piga pia picha, mbele na nyuma, ukiwa na rula kando yake. Kofia ikipotea, mchoro utabaki, na fundi anaweza kuuchora upya.

Ukitaka kukivaa cha zamani, usikikate. Waliokuwa na lesi za thamani huko Ulaya walikuwa wakiibandua toka gauni moja na kuishona kwenye jingine, mama hadi binti. Pindo la mtandio wa bibi linaweza kukaa kwenye mkono wa gauni jipya la harusi kwa mishono mirefu iliyolegea, na baada ya sherehe likabanduliwa. Fundi wako akishika mkasi, mshike mkono.

Bei

Jirani yangu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulikwepa: basi ni ya shilingi ngapi? Nilimpigia hesabu. Tuseme fundi alishona saa tatu kwa siku kwa siku 60. Hizo ni saa 180. Kwa shilingi mia tano, fundi yule amelipwa chini ya shilingi tatu kwa saa. Hata kwa elfu sita ni shilingi thelathini na tatu kwa saa, na bado hujahesabu kitambaa, uzi na mchoraji. Hesabu hiyo haikwambii soko litatoa nini. Inakwambia ukipokea bei fulani unakubali nini.

Kwa wanaotaka kushona ili wauze, nawapa mfano mmoja wenye pande mbili. Njaa kuu ilipoipiga Ayalandi kuanzia mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani, wanawake na wasichana walifundishwa kufuma krosheti iliyoiga lesi ya Venice. Ilikuwa rahisi kujifunza, ya haraka kuliko ya sindano, na nyumba nyingi zilikula kwa pesa hiyo. Lakini walioamua bei walikuwa wanunuzi wa mbali, na fasheni ilipogeuka, fedha iligeuka nayo. Kwa hiyo fundi wa huku asishone kofia kumi akisubiri watalii. Ashone moja kwa mtu aliyeiagiza, achukue nusu ya fedha kwanza, na ukanda wa ndani autie jina lake kwa uzi, herufi ndogo. Fundi wa ile kofia ya jirani hakulitia. Hatumjui, na hata nyumba aliyotoka hatuijui, Siyu au Pate au hapa hapa Witu.

Karo ililipwa kwa mbuzi. Kofia imefuliwa kwa maji matupu, haikurudi nyeupe kabisa, ina rangi ya maziwa ya chai. Binti wa jirani, wa darasa la saba, ameshaomba uzi. Duara lake la kwanza liliinuka kama bakuli kwenye mzunguko wa tano. Amelifumua, sasa yuko mzunguko wa tatu, mishono 18, na anahesabu kwa sauti mpaka nasikia kutoka kwangu.